Herufi Moja Kati ya Sala na Swala

Kati ya sala na swala kuna herufi moja. Wakristo wa Tanzania huiacha, Waislamu huiweka, na pande zote mbili zimelirithi neno lenyewe kutoka Kiarabu. Mkristo wa Kibiti anayeamka alfajiri, akafungua Zaburi, akatafakari, akatubu, akaomba rehema na kumalizia kwa shukrani, amefanya mambo ambayo karibu yote yalikuwa na majina katika pwani hii kabla mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti hajashuka chomboni. Zaburi, tafakari, toba, rehema, shukrani, imani, neema, ibada, dhambi: maneno haya yaliletwa na bahari pamoja na Uislamu. Ya Kibantu ni machache, ingawa ni mazito: kuomba, kuokoka, na jina la Mungu mwenyewe.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu haihusu dini. Inahusu boriti, yaani nguzo za mikoko zilizokatwa katika delta ya Rufiji na kupakiwa majahazini kwenda kujengea nyumba za Unguja, Lamu na Uarabuni. Lakini mtafiti akikaa Kibiti hana budi kulala na kuamka nyumbani kwa mtu, na nyumba niliyofikia ilikuwa na utaratibu wake wa asubuhi. Utaratibu huo ndio ulionitoa kwenye boriti kwa muda.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mzaramo wa Maneromango, Mlutheri, aliyepangiwa kazi Rufiji miaka ya 1970 na hakuondoka tena. Nilimwita Babu, yeye akaniita mjukuu. Adhana ya alfajiri ikitoka msikitini anaamka, ananawa uso, anakaa barazani na kusoma zaburi moja kwa sauti ya chini. Kisha hunyamaza kwa muda, kama abiria anayesubiri boti Nyamisati. Mwisho hutaja mambo matatu: jambo moja la jana analolishukuru, mtu mmoja anayemwombea, na kazi iliyo mbele yake leo. Yote hayo humalizika kabla chai haijachemka. Nilipomuuliza kwa nini haweki kengele kwenye simu, alijibu: "Mjukuu wangu, simu huisha chaji. Muadhini hajawahi kuisha chaji."

Wengi wetu tuliopita sekondari katika miaka hii tunaijua ibada ya kila siku kwa sura nyingine. Tuliipata katika UKWATA, TYCS au TAFES: maombi ya alfajiri nyuma ya madarasa, daftari la mafungu ya Biblia, saa ya utulivu ya mtu peke yake na kitabu chake. Leo aya huja kwenye simu kabla hatujatoka kitandani. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba ibada ya kila siku ni jambo la faragha, kati ya mtu, kitabu na Mungu wake, na kwamba siku zote imekuwa hivyo. Nilipoanza kufuatilia njia iliyopita zaburi mpaka ikafika kwenye baraza ile, nilikuta watu wengi njiani, na baadhi yao hawakuwa Wakristo.

Tuanze na mahali penyewe. Rufiji haikuwahi kuwa nchi isiyo na ibada ikisubiri kuletewa. Delta, pamoja na visiwa vyake na mikoko yake mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ilikuwa sehemu ya ulimwengu wa Waswahili wenye misikiti, vyuo vya Kurani na biashara ya ng'ambo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, tarika ya Kadiria ilienea pwani ya Tanganyika, na dhikri zake zikawavuta watu wa kawaida ambao hawakuwa na elimu ya Kiarabu. Bara kidogo, Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Watu walitembea siku nyingi kwenda kuyapokea. Vita vya Majimaji vilipolipuka katika milima ya Umatumbi mwezi Julai 1905, Wajerumani walimkamata Kinjikitile na kumnyonga Mohoro, mwanzoni mwa Agosti. Siku chache baadaye, karibu na Liwale, wapiganaji walimuua Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, pamoja na wenzake wanne waliokuwa safarini. Katika bonde hili, basi, habari ya nani anaomba, na kwa nguvu ipi, ilikuwa tayari imegharimu roho za watu wa kila upande.

Sasa tuitazame Zaburi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, akiwa Mombasa, alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji. Miaka 20 baadaye Edward Steere alifika Unguja na misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA. Katika dibaji ya kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870, Steere anawashukuru watu waliomfundisha lugha, na miongoni mwao yumo Sheikh Abdulaziz, aliyejitolea kumgeuzia Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili safi. Steere aliona lugha ya sheikh ni ya kisomi mno kwa wanafunzi wake, na shughuli nyingi za sheikh zikaichelewesha kazi. Watafiti wamemtambua kuwa ni Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyepata kuwa kadhi Kilwa kisha Unguja, na mmoja wa viongozi wa Kadiria Zanzibar.

Habari hii niliisoma mara mbili kabla ya kuendelea. Mtu aliyekaa chini mapema kabisa kutafuta namna ya kuzisema Zaburi kwa Kiswahili kizuri alikuwa kadhi Mwislamu. Kwake Zaburi ilikuwa kitabu cha Daudi, nabii anayemtambua, na Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutosha kumpokea. Steere aliendelea na kazi kwa msaada wa wengine, akafariki mwaka 1882, na Agano Jipya lake zima likachapishwa mwaka uliofuata. Biblia kamili ya Unguja ilitoka mwaka 1891. Hakujaribu kukwepa msamiati wa pwani. Aliuchukua kama ulivyokuwa midomoni mwa watu.

Lakini kitabu peke yake hakiwi desturi. Desturi ililetwa na kengele. Bagamoyo, ambako mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, na Kiungani, Unguja, ambako UMCA ilikuwa na shule yake, wakazi wengi wa mwanzo walikuwa watoto na vijana waliotolewa utumwani. Siku yao iligawanywa kwa sala za asubuhi, kazi, masomo na sala za jioni. Wasiojua kusoma walishika sala kwa kichwa, na Wakatoliki wakahesabu rozari kwa vidole kama majirani zao walivyohesabu tasbihi. Hatuna haja ya kuipamba picha hii. Kengele iliyoita sala ndiyo iliyoita pia kazi ya shambani, na kwa mtoto aliyetolewa jahazi la watumwa, ratiba ya misheni ilikuwa hifadhi na amri kwa wakati mmoja. Hata hivyo, baadhi ya waliolelewa chini ya kengele hiyo waliigeuza ikawa yao. John Swedi, mmoja wa watoto wa mwanzo kabisa wa misheni ya Unguja, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyelelewa Kiungani, akawa padri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA kufikia daraja hilo.

Kilichoitenga desturi na kengele kilikuwa vita, na vita hivyo vilifika Rufiji. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika mikono ya delta, nyuma ya mikoko. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi mpaka ikaangamizwa mwezi Julai 1915. Kufikia mwanzo wa mwaka 1917 majeshi ya nchi kavu yalikuwa yakipigana kando ya mto, mvua zikawakuta humo, na wapagazi wakafa kwa njaa na maradhi. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa walifikia makumi ya maelfu. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikuwa mwenyewe amekusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja na kutembea nao pwani, kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, mwaka 1916.

Baada ya Waingereza kushika nchi, wamisionari wa Kijerumani walizuiliwa kisha wakaondolewa. Wale wa Misheni ya Berlin, waliokuwa na vituo Kisarawe na Maneromango vilivyofunguliwa katika miaka ya 1890, hawakuweza kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Kwa miaka hiyo, Dar es Salaam na Uzaramo hakukuwa na Mzungu wa kupiga kengele. Aliyewaweka Walutheri pamoja alikuwa mwalimu Mwafrika, Martin Nganisya, ambaye vitabu vingine humwita Ganisya. Babu wa Kibiti alizaliwa muda mrefu baada ya hapo, lakini aliwasikia wazee wa Maneromango wakisimulia kipindi cha "makanisa bila Wazungu". Walimu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakasoma fungu, wakaimba bila kinanda, wakaomba, wakaondoka. "Wazazi wetu walijifunza hapo," aliniambia, "kwamba sala haina mwenye funguo."

Nganisya anaonekana tena katika sura inayofuata, nayo ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Wajerumani, serikali na misheni, walikuwa wameingiwa na hofu ya Uislamu. Mwaka 1908 barua zilizodaiwa kutoka Makka zilisambaa pwani ya kusini, hasa Lindi, zikitangaza kwamba mwisho wa dunia u karibu, na maofisa wakaona ndani yake harufu ya Majimaji nyingine. Katika hali hiyo baadhi ya wamisionari walianza kukitilia shaka Kiswahili chenyewe: kwao kilikuwa kimejaa Uarabu, kwa hiyo kimejaa Uislamu. Karl Roehl, aliyekuwa mmisionari Usambara na Dar es Salaam, alichukua hatua ya mbali. Alitafsiri Biblia nzima upya akipunguza kwa makusudi maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu kila alipoweza. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930, Biblia kamili mwaka 1937. Waliomsaidia kwa lugha ni Andrea Ndekeja na Martin Nganisya.

Babu ana Biblia hiyo. Ilikuwa ya baba yake, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Anayo pia Biblia ya Union ya mwaka 1952, ile iliyokusudiwa kuunganisha mapokeo ya Unguja na ya Mombasa, na ambayo iliyaacha maneno ya Kiarabu yakae palipo makao yake. Ndiyo iliyoenea, ndiyo inayosomwa leo katika makanisa mengi ya Kiprotestanti. Siku moja alinisomea zaburi ileile katika vitabu vyote viwili, mstari kwa mstari. Roehl ana uzuri wake, hasa kwa sikio la mtu wa bara. Lakini mwenyeji wangu ameishi Rufiji karibu miaka 50, na anaposema shukrani, toba au rehema, jirani yake Bi mkubwa wa nyumba ya pili anaelewa bila kufafanuliwa. Mradi wa kuwatenga watu wawili hao kwa msamiati haukufaulu, na sababu moja ni kwamba waliotumia lugha kila siku, sokoni, msibani na kwenye foleni ya zahanati, hawakuuhitaji.

Ibada ya mtu binafsi tunayoijua sisi ilifuata baadaye. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, kwa watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church waliokutana Kampala mwaka 1929, ulifika Tanganyika kupitia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Ulisisitiza toba ya wazi, ushuhuda na kutembea nuruni kila siku. Mwaka 1963 redio ya Walutheri ya Sauti ya Injili ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa, na studio ya Moshi ikatengeneza vipindi vya Kiswahili, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitaifisha mwaka 1977. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliwapa mamilioni uwezo wa kusoma. Na serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapanga walimu na wauguzi popote walipohitajika. Ndivyo Wakristo wengi walivyofika Rufiji: kwa barua ya kupangiwa kituo cha kazi, na begi lenye Biblia moja. Wengine walikuja baadaye kwa biashara ya barabara ya Kilwa, hasa baada ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na wengine wakiswaga ng'ombe kutoka Usangu baada ya mwaka 2006.

Mtu wa namna hiyo hana kanisa kubwa karibu. Hana kwaya, pengine hana hata mchungaji mpaka mwezi uishe. Alichonacho ni desturi yake ya asubuhi. Na desturi hiyo ilipimwa.

Kuanzia mwaka 2015 mpaka 2017, watu wasiojulikana waliua makumi ya watu Kibiti, Rufiji na Mkuranga: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, makada wa chama tawala, askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa wakirudi kazini. Kwa kalenda ya Kanisa, siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Baadaye pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku, milango ikafungwa jua likiwa bado juu, na watu wengine wakahama. Hofu haikuuliza dini ya mtu, na wala msako uliofuata haukuwaacha watu wakilala kwa amani.

Nilimuuliza Babu aliomba nini miezi ile. Alikaa kimya kwanza. "Sikuwa na la kushukuru," akasema. "Nikasoma zaburi za malalamiko. Ziko nyingi, hamzisomi tu. Nikamaliza, nikamtaja jirani, naye najua alinitaja. Asubuhi tukasalimiana uani. Hiyo salamu ndiyo ilikuwa shukrani." Ibada za jioni za jumuiya, zilizokuwa zikifanywa kwa zamu nyumbani kwa watu, zilihamishiwa saa kumi alasiri. Hazikuachwa.

Jibu lake lilinisaidia katika jambo linalowasumbua vijana wengi wa rika langu. Tumesikia mno kuhusu kushukuru. Tunaambiwa tuandike baraka zetu kila siku, na moyo utatulia. Kwa mtu ambaye shamba lake liko chini ya maji, agizo hilo linaweza kuwa namna ya kumwambia anyamaze. Mwezi Aprili 2024 mto ulifurika na kufunika mashamba na nyumba za watu Rufiji na Kibiti. Wakulima wa bonde hili hawahitaji mtu wa kuwafundisha kwamba mafuriko yana sura mbili. Kwa vizazi vingi wamelima mpunga wakati wa maji na kupanda tena mazao ya mlau kwenye udongo wenye unyevu maji yanapopungua, wakilinda mashamba yao kutoka kwenye madungu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu kwa maelfu kutoka bondeni kwenda vijiji vya nyanda za juu katika Operesheni Rufiji, na wengi wakaendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu rutuba ilikuwa huko. Mkulima wa aina hii anajua kushukuru kwa tope na kulia kwa ajili ya maji yaleyale, ndani ya mwaka mmoja. Zaburi nazo zinafanya vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni vilio, na walioziweka pamoja hawakuona haya kuviacha vilio kando ya sifa.

Kwa hiyo nimeacha kuitazama ibada ya kila siku kama chombo cha kutuliza hisia. Katika historia ya pwani hii imekuwa amri ya misheni, hifadhi ya yatima, mali ya walimu walioachwa peke yao, uwanja wa mabishano ya lugha, na mshipi wa mtu aliyepangiwa kazi mbali na kwao. Mara zote imefanya kazi vizuri zaidi pale ilipokuwa fupi, ya kurudiwarudiwa, na yenye jina la mtu mwingine ndani yake. Kwa mwalimu wangu wa Kibiti, kutafakari ni kukaa na maneno machache mpaka yakuonyeshe mtu wa kumwendea siku hiyo.

Juma la mwisho la utafiti wangu mvua zilikuwa zimeanza tena. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alisimama kwenye uzio akiwa amejitanda kanga, akauliza habari za asubuhi, kisha akasema: "Mwalimu, leo ukiomba, mtaje na yule mwanangu wa Kiomboni. Yuko na boti." Babu akamwambia amtajie jina kamili, akaliandika pembeni mwa ukurasa wa Zaburi kwa penseli. Nilipoinama kutazama, nikaona pembezoni za ukurasa ule zimejaa majina: Athumani, Mwajuma, Petro, Zainabu, Yohana, Saidi.